Miezi minne na programu za bure steshenari: zilizobaki mezani na nilizoziondoa

Mtihani wa Jiografia wa kidato cha tatu ulikuwa na kurasa nne. Mwalimu aliutaipu nyumbani kwake, akaukagua, akanitumia kwa WhatsApp akitaka nakala 78 kabla ya saa nne asubuhi. Nilipoufungua kwenye kompyuta yangu mpya ukawa na kurasa tano, na ile mishale aliyoichora kuonyesha matawi ya mto ilikuwa imeteremka, inaelekea kwenye maswali. Hiyo ilikuwa siku yangu ya tatu tangu niachane na Windows na kuhamia Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta. Nina steshenari ndogo hapa Muheza, meza mbili na mashine ya fotokopi, na kwa kazi kama yangu hakuna kosa baya kuliko kumkabidhi mtu karatasi ambayo siyo aliyoileta.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu ndicho kilichonipa kipimo cha kuchagulia programu zote nitakazozitaja. Wengi wanaosifia programu za bure wanafanya kazi zao wenyewe: wanaandika, wanahifadhi, wanasoma wenyewe. Mimi nafanya kazi za watu. Faili linakuja limetengenezwa kwa programu nyingine, linaondoka kwangu likiwa karatasi, kadi au PDF, na mteja hana haja ya kujua nimetumia nini. Kwangu programu inafaa pale mteja asipotambua kwamba nimehama.

Niseme kwanza kwa nini nilihama. Kompyuta ya zamani ilikuwa na Windows 10 na Office ambayo fundi mmoja aliniwekea kwa krak, yaani nakala isiyolipiwa iliyovunjwa kufuli lake. Mwaka jana, mwezi wa tatu, nilifika asubuhi nikakuta kila faili limeongezewa herufi za ajabu mwishoni mwa jina, halifunguki, na kuna ujumbe unaodai nilipie kwa dola ndipo nirudishiwe. Kazi za wateja za miaka miwili zilipotea: tasnifu za wanafunzi, katiba za vikundi vya kuweka na kukopa, ratiba za mazishi ambazo familia hurudi kuziomba siku ya arobaini. Nililia. Halafu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft wakasitisha matengenezo ya kawaida ya Windows 10, na mimi sikutaka kurudi kwenye krak tena, hata kwa siku moja.

Kompyuta niliyomudu ni ThinkPad T460 iliyotumika, nilinunua Kariakoo, RAM GB 8, diski ya SSD GB 256. Ina betri mbili, moja ndani na nyingine ya kuchomoa nyuma, na umeme ukikatika namaliza kazi ya mteja bila haraka. Lakini prosesa yake ni Core i5 ya kizazi cha 6, na Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda mbele. Njia za kulazimisha zipo, sikuzitaka. Mdogo wangu alikuja na flashi yenye Linux Mint 22.2, ile yenye mwonekano uitwao Cinnamon. Faili lake ni karibu GB 3, kwa hiyo flashi ya GB 4 inatosha, na toleo hili litaendelea kupata matengenezo hadi mwaka 2029. Mint imejengwa juu ya Ubuntu, na jina Ubuntu, lililochaguliwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka 2004, ni ndugu wa neno letu utu. Nililipenda hilo tangu mdogo wangu aliponiambia, na bado nalipenda.

Sasa turudi kwenye mtihani. Tatizo la kwanza lilikuwa fonti. Mwalimu yule anapenda Tahoma. Tahoma ni mali ya Microsoft na haiji na Linux. LibreOffice, programu ya ofisi inayokuja na Mint, ikikosa fonti ambayo faili liliandikiwa haigomi. Inachukua nyingine inayokaribiana, na iliyochukuliwa kwangu ilikuwa na herufi pana zaidi. Herufi zikipanuka mistari inaongezeka, na ukurasa wa nne unamwagikia wa tano. Dalili ipo, ila uijue: bofya ndani ya maandishi, kisha tazama kisanduku cha jina la fonti kule juu. Jina likiwa limeandikwa kwa mlazo, ujue fonti hiyo haimo kwenye kompyuta yako. Siku hizi ndicho kitu cha kwanza ninachokitazama, kabla hata mteja hajavuta kiti.

Times New Roman na Arial hazinisumbui kabisa. Mint ina fonti za Liberation, zilizotengenezwa makusudi ili kila herufi ichukue nafasi ile ile ya mwenzake: Liberation Serif inasimama mahali pa Times New Roman, Liberation Sans mahali pa Arial. Kwa Calibri na Cambria kuna Carlito na Caladea, nazo za bure. Barua za maombi ya kazi, ambazo ndizo zinazonilipia kodi ya fremu, karibu zote zimeandikwa kwa Times New Roman, na kwangu mistari inaishia pale pale ilipoishia kwa mwenyewe. Nimelinganisha nakala mbili dirishani, moja juu ya nyingine, nikaona maneno yamelaliana.

Mwalimu nilimpigia simu.

"Mwalimu, samahani, nitumie PDF ya huo mtihani."

"Kwani dada kompyuta imeharibika?"

"Haijaharibika, nimebadilisha mfumo. Fonti yako sina, na sitaki mchoro wako usogee."

Akanyamaza kidogo, akatuma. Nakala 78 zilikuwa tayari saa tatu na nusu.

Lakini huwezi kumwomba PDF kila mtu, hasa anayetaka umrekebishie kazi. Ndiyo maana nina programu mbili za ofisi. LibreOffice ilikuja na Mint yenyewe, na kwa kazi ninayoianza mwenyewe sioni ninachokikosa: barua, mihtasari ya vikao, majedwali ya michango, mikataba ya kupangisha nyumba. Inafungua pia mafaili ya zamani sana, yale ya doc ya miaka ya 2000 ambayo wazee wa vikundi wamehifadhi kwenye sidii. Ya pili ni ONLYOFFICE Desktop Editors, ambayo nayo ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Hii mfumo wake wa asili ni docx, aina ile ile ya faili la Word, na nikilinganisha, michoro, mishale na visanduku vya maandishi vinasogea mara chache zaidi kuliko kwenye LibreOffice. Ule mtihani wa Jiografia niliufungua baadaye humo kwa utulivu: mishale ilikuwa mahali pake, ingawa kurasa zilibaki tano kwa sababu Tahoma bado sikuwa nayo. Kwa hiyo faili lenye michoro naanzia ONLYOFFICE, na lenye maandishi matupu naanzia LibreOffice. Ukiwa na nafasi ya moja tu, chukua LibreOffice.

Kuna jambo moja la LibreOffice ambalo sijaona mtu akilisema kwa uzito linaostahili. Inakagua tahajia ya Kiswahili. Miaka yote niliyotaipu, barua ya Kiswahili ilikuwa inaonekana kama imechinjiwa kuku: kila neno lina mstari mwekundu, "Yah:" ina mstari, "naomba" ina mstari, na kosa halisi linajificha katikati ya mistari hiyo yote. Kwenye Mint nilisakinisha kifurushi kinachoitwa hunspell-sw, nikaifungua LibreOffice upya, nikachagua lugha ya Kiswahili cha Tanzania chini kabisa ya dirisha. Mistari ikafutika karibu yote. Ikabaki mmoja, chini ya "mwenyekitti". Barua hiyo ilikuwa ya kwenda ofisi ya kata, na mteja alikuwa ameshaisoma mara mbili.

Haikosi kasoro. Kitenzi chenye viambishi vingi, kama "hawatatuletea", mara nyingine hupigiwa mstari ilhali ni sahihi, na majina ya vijiji vyetu haiyajui mpaka uyaongeze mwenyewe. Bado ni msaada mkubwa. Na kazi hii ina mizizi hapa nyumbani: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden katika mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. LibreOffice ilizaliwa mwaka 2010 kutokana na OpenOffice hiyo hiyo. Ningetamani kila steshenari ya nchi hii ikijue kifurushi hicho kidogo, maana sisi ndio tunaoandika barua za watu wasio na kompyuta, na barua ya Kiswahili yenye makosa inamwaibisha aliyeituma, si aliyeitaipu.

Picha za pasipoti zilikuwa hofu yangu ya pili. Nilikuwa nazifanya kwa Photoshop, ambayo nayo ilikuwa ya krak. Sasa natumia GIMP. Nitasema wazi kwamba wiki mbili za kwanza zilinitoa jasho. Vitufe haviko nilikovizoea, na ukihifadhi kazi kwa njia ya kawaida inakupa faili la XCF ambalo simu ya mteja haifungui. Ukitaka JPG lazima uende kwenye Export. Wateja wawili waliondoka na XCF kwenye flashi zao na wakarudi. Niliwaomba radhi na sikuwatoza kitu.

Baada ya hapo mambo yamekaa sawa. Picha ya milimita 35 kwa 45, kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi, ni pikseli 413 kwa 531. Nimetengeneza ukurasa mmoja wa inchi 4 kwa 6, yaani pikseli 1200 kwa 1800, ambao naufungua kila siku. Ukizipanga picha zikiwa zimesimama zinaingia sita tu. Ukizilaza ubavu zinaingia nane, mbili kwa upana na nne kwa urefu, na karatasi za picha siyo bei ya chini. Kubadilisha rangi ya nyuma, maana huyu anatakiwa bluu na yule nyeupe, natumia kile kifaa cha kuchagua kitu kilicho mbele (Foreground Select): unamzungushia mtu mstari, unampaka rangi mpaka kifaa kijue yeye ni yupi, kinamtoa. Kwa nywele za kusuka kinafanya vizuri. Kwa afro na kwa mtandio wenye nyuzi zinazoning'inia bado natumia brashi kwa mkono, dakika kama tano.

Nilijaribu pia GIMP 3, iliyotoka Machi 2025. Ile iliyomo kwenye hazina ya Mint ni ya 2.10, kwa hiyo ya 3 niliipata kwa njia ya Flatpak, njia nyingine ya kusakinisha programu kwenye Linux. Hapa watu wa bando wasikilize. Flatpak haileti programu peke yake. Inakuja na msingi wake wa kuisimamisha, na msingi huo ni mamia ya MB hata kabla hujafika kwenye chenyewe ulichokitaka. Lile dirisha la kusakinishia programu kwenye Mint hukuonyesha, kwa programu ambazo ziko kwa njia zote mbili, uchague ipi. Chagua ile ya mfumo kama huna sababu ya nyingine. GIMP 3 ni nzuri, marekebisho unaweza kuyarudia baadaye bila kuanza upya, lakini kwa picha za pasipoti sikuona tofauti iliyostahili bando langu. Niliiondoa, nikarudi 2.10.

Picha zenyewe nazipiga kwa simu. Kuzihamisha kwa WhatsApp ni kosa, kwa sababu WhatsApp inazibana na nyuso zinapoteza ukali. Natumia LocalSend. Iko kwenye simu, iko kwenye kompyuta, zote zikiwa kwenye Wi-Fi moja zinaonana, unatuma, inafika nzima. Haitumii bando kwa kutuma, hata intaneti ikiwa imekatika inafanya kazi. Msichana ninayefanya naye kazi aliijua ndani ya dakika moja. Sina la kuongeza, isakinishe tu.

Hati za wateja bado zinakuja kwa WhatsApp, hilo huwezi kulikwepa. Mint ina kitu kinachoitwa Web Apps kinachoigeuza tovuti yoyote kuwa ikoni yenye dirisha lake. Nimeiweka WhatsApp Web hivyo, haichanganyiki na kurasa za Firefox ambako nawajazia watu maombi.

Nataka kukaa kidogo kwenye habari ya flashi, maana hapo ndipo nilipopata faida ambayo sikuitarajia. Kila mwenye steshenari anaijua flashi ya mwanafunzi: unaichomeka, folda zote zimegeuka njia za mkato, ukibofya moja umeshajiambukiza. Wiki ya pili alikuja kijana wa chuo, macho mekundu, ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo imepotea. Alikuwa ameshapita kwa watu wawili, mmoja amemwambia flashi imekufa.

Nikaichomeka. Kwenye Mint zilionekana njia za mkato sita zenye mwisho wa lnk, faili moja la vbs, yaani programu ndogo ya Windows, ambalo hakulitengeneza yeye, na folda moja isiyo na jina. Kabisa, chini ya ikoni ya folda palikuwa patupu. Kirusi kilikuwa kimezihamishia folda zake humo, kikaipa folda hiyo jina la nafasi tupu na kuifanya ifichike. Alama hiyo ya kuficha ni ya Windows. Linux haiijali, kwa hiyo folda ilikuwa imekaa pale mbele yetu kama nyingine zote. Nikaibofya. Ripoti ilikuwa ndani, sura zote tano, na picha za karakana.

"Mama, ndiyo hiyo hiyo!" Akashika mdomo kwa mikono miwili.

Nikamtolea kazi yake nje, nikafuta ile vbs na zile lnk, nikamwonyesha alivyoweza kujua. Virusi hivyo vimeandikwa kwa Windows na kwangu havina pa kushika. Lakini hilo lisikufanye mzembe. Flashi ikitoka kwako na kirusi kikiwa bado ndani, utakuwa umempelekea mwenzio. Ndiyo maana nina ClamAV, programu ya kukagua virusi, kwa ajili ya flashi za wateja, ingawa ni ya polepole na flashi iliyojaa nyimbo inakuchukulia muda mrefu. Nikiwa na foleni nafuta vbs na lnk kwa mkono, nikiwa na nafasi naiachia ClamAV ikague.

Kwenye PDF nitapita haraka. PDF Arranger inaunganisha, inakata na kugeuza kurasa: cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, barua, vyote faili moja kwa kuburuta. Xournal++ ni ya kuandika juu ya fomu isiyojazika kwenye kompyuta, na kuweka saini. Kupunguza ukubwa ni kazi ya kila siku, kwa sababu mifumo ya maombi mara nyingi huweka kikomo cha ukubwa wa faili, na vyeti vilivyoskaniwa huwa vizito. Kwa hilo sikuhitaji programu mpya. Nafungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, kwenye folda, naandika ps2pdf -dPDFSETTINGS=/ebook kubwa.pdf ndogo.pdf, na faili linapungua huku maandishi yakisomeka. Nimeubandika mstari huo ukutani kwa karatasi iliyolaminetiwa. Zamani nilikuwa natuma vyeti vya watu kwenye tovuti za kupunguzia, bila kujua vinakaa kwa nani. Sifanyi hivyo tena.

Kadi za harusi, za mchango na za kipaimara nilikuwa nazifanya kwa Publisher. Publisher yenyewe Microsoft wametangaza wataisitisha Oktoba 2026, kwa hiyo hata mliobaki Windows jiandaeni. LibreOffice Draw inafungua mafaili ya pub, ila kwangu maandishi yalitoka yamepishana na maua yamehama kona. Nilikubali kuyatumia kama kumbukumbu ya maneno tu. Kadi mpya naziunda kwa Inkscape. Niliogopa itakuwa ngumu kama GIMP, haikuwa. Herufi unazipinda kufuata duara, unazipaka rangi ya dhahabu inayofifia, na ukikuza kadi kuwa bango la mlangoni haipotezi ukali hata chembe. Bibi harusi mmoja alitaka jina lake na la mwenzake vizungushe mkarafuu. Tulikaa naye saa nzima tukichora jani moja moja, na ile kadi nimeihifadhi. Udhaifu wake ni rangi za uchapaji: ukipeleka kazi kwenye mitambo mikubwa Tanga mjini wanataka CMYK, yaani mpangilio wa rangi nne za wino wa mitambo, na Inkscape hapo haijakomaa.

Printa sasa, na hapa siwezi kusifu kila kitu. Epson L3110 yangu niliichomeka waya, Mint ikaitambua, ikachapa rangi ndani ya dakika mbili. Kwa kuskani nilipakua Epson Scan 2 kutoka tovuti ya Epson, ikakubali. Lakini nilikuwa na printa ya pili, leza ndogo nyeusi ya kampuni nyingine, ndiyo niliyoitegemea kwa kazi nyingi za haraka. Dreva ya Linux ilikuwepo kwenye tovuti yao. Niliisakinisha mara tatu. Inatoa ukurasa wa kwanza, halafu inakaa kimya huku taa ikipepesa, mpaka uizime na kuiwasha. Wiki mbili nzima nilihangaika nayo, wateja wamesimama. Mwishoni nilimpelekea dada yangu Tanga anayetumia Windows, na kwake inafanya kazi kama kawaida. Ilinigharimu kununua nyingine mwezi wa Januari, jambo ambalo ningelipangia mapema kama ningeambiwa hivi: flashi ya Mint inawaka na kufanya kazi bila kusakinisha chochote. Iwashe kutoka kwenye flashi, chomeka printa zako zote, chapa kurasa kumi kwa kila moja, skani karatasi moja. Fanya hivyo kabla hujagusa Windows yako. Ni nusu saa tu.

Nilizoziondoa ni chache. Thunderbird ni programu nzuri ya barua pepe ila mimi barua zangu nasoma kwenye kivinjari. Wine, inayoendesha programu za Windows ndani ya Linux, niliisakinisha nikitaka kuirudisha Publisher, na siku moja nikajikuta natafuta tena krak mtandaoni. Nilipogundua ninachokifanya nikaifuta jioni ile ile. VLC niliibakiza kwa kuwa inafungua kila video ya harusi ninayoletewa kuchoma kwenye DVD, hata zile za kamera za zamani. Wanafunzi wa Ufaransa walioianza mwaka 1996 wamenisaidia sana. Klavaro nimeiweka kwa ajili ya msichana wangu wa kazi anayejifunza kutaipu bila kutazama vitufe. Ameshaacha kutazama mkono wa kulia.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi nilishapotelewa. Mint ina Timeshift, inayopiga picha ya mfumo ili ukiharibika uurudishe ulivyokuwa jana. Imeniokoa mara moja, nilipovuruga dreva za ile leza. Watu wengi wanadhani Timeshift inatunza na kazi zao. Hapana, isipobadilishwa inatunza mfumo tu, na folda yako ya nyumbani inairuka. Kazi za wateja nazitunza kwa Déjà Dup kwenye diski ya nje, kila jioni kabla ya kufunga, kisha diski naichomoa na kuondoka nayo kwenye mkoba. Mwezi wa pili nilijaribu kurudisha folda moja kwa makusudi ili nione kama kweli inarudi. Ilirudi, mafaili 212, nikayafungua mengi nikiyahesabu.

Kazi iliyo mbele yangu ni kijitabu cha mahafali ya kidato cha sita, kurasa 24 za rangi, kitakachochapwa Tanga kwa CMYK. Nimeshasakinisha Scribus, programu ya kupanga kurasa za vitabu, kwa ajili hiyo, ambayo rangi hizo inaziweza, na jana usiku nilipanga kurasa mbili za kwanza: salamu za mkuu wa shule upande wa kushoto, picha ya pamoja upande wa kulia. Safu za maandishi zimekaa. Picha ya pamoja mwalimu bado hajanitumia.